Maziwa ya Huyu Anakunywa Nani?

Vijana wa kitengo, mmeniomba niandike. Mliniomba kwa adabu: "Mzee Boni, tuachie uzoefu wako kabla hujasahau." Nikaelewa mlimaanisha kabla sijafa. Nina miaka hamsini na mitano, nimestaafu kwa hiari yangu, magoti yote mawili yanakunjika, na kichwa changu kinatunza mambo kuliko hizo tableti zenu ambazo zikinyeshewa mvua moja ya Michenga zinabaki vibao vya kukatia vitunguu. Basi naandika. Habari za vyeo nitaziruka kwa sababu sikupewa. Habari za mshahara nitaziruka kwa sababu hiyohiyo.

Elimu yangu ni darasa la saba. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke, amalize, tuendelee. Hapa Ifakara wamepita watu wenye shahada mbili na tatu, wamekuja na magari yenye antena, na kila walipotaka kujua ng'ombe wanapita wapi wakishuka bondeni, walinifuata mimi pale nilipoegesha pikipiki. Mimi sikuwahi kumfuata hata mmoja wao, labda siku ya chai ya mwisho wa mwezi.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii: ng'ombe akiugua leo hapa, sisi tunatakiwa kusema ugonjwa utakuwa wapi mwezi ujao, kabla haujafika. Wasomi wanaita kutengeneza modeli. Mama mkwe wangu aliita kupiga ramli, na kuna miaka alikuwa karibu na ukweli kuliko mratibu wa mradi.

Nilianza kama kibarua wa josho. Josho ni mfereji mrefu wa saruji uliojaa maji ya dawa ya kupe. Ng'ombe anatumbukia upande huu, anaogelea, anatokea upande ule amekasirika. Siku ya kwanza nilisimamishwa ukingoni na fimbo yenye panda, nizamishe vichwa vya wale wanaoogelea wameinua pua kama mabwana harusi. Fahali wa tatu hakukubali kuzama peke yake. Aliivuta fimbo kwa shingo, nami sikuwa nimefundishwa kuiachia.

Aliyenitoa ni Mzee Kasiani, mhudumu wa mifugo, mtu wa Mahenge, Mkatoliki wa kufanya ishara ya msalaba kabla ya kuchoma sindano. Alinivuta kola, akanitazama ninavyotiririka.

"Haya, kijana. Wewe kupe hawakupati mpaka Pasaka."

Huyo ndiye chuo changu kikuu. Alinifundisha kufunga uzi na kibanio kwenye kipimajoto kabla ya kukiingiza nyuma ya ng'ombe. Siku ya tatu nilijiona nimeshafuzu, nikaacha uzi. Dume niliyekuwa nampima aliondoka nacho kuelekea Chita, na nadhani mpaka leo ndiye ng'ombe pekee wa bonde hili anayejua joto lake mwenyewe. Nyinyi mna vipimajoto vya kumulika kwa mbali. Vizuri. Endeleeni kupima joto la jua lililopiga ngozi.

Lakini kubwa alilonifundisha Kasiani halikuwa la sindano. Tulikuwa tukienda kwenye maboma ya wafugaji wa Kisukuma waliohamia huku na mifugo yao, nami nikafungua daftari kwa mbwembwe, nikauliza: "Mzee, una ng'ombe wangapi?" Mzee akanitajia idadi ambayo hata mbuzi aliyekuwa pale aliikataa. Njiani Kasiani akanisema.

"Wewe Bonifasi, mtu akikusimamisha barabarani akuulize una nini benki, utamjibu?"

"Sina kitu benki, mzee."

"Ndiyo maana unauliza ovyo. Usiulize idadi. Uliza maziwa."

Akanieleza, na hili liandikeni hata kwenye viganja. Mfugaji mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anawekesha wengine kwa ndugu, kwa rafiki, kwa mtu waliyechimba naye kisima. Anayelisha anakunywa maziwa na kutumia samadi. Ndama wanaozaliwa ni wa mwenyewe. Ugonjwa ukipita huku, wa kule wanabaki. Na anayetunza hasemi kamwe ng'ombe ni wa nani. Akisema, hakuna atakayemwamini tena hata kwa kuku. Basi wewe pita kwa kila ng'ombe, uliza taratibu: maziwa ya huyu anakunywa nani? Na ndama wake ni wa nani? Majibu yakiwa mtu mmoja, huyo ni wa nyumbani. Jibu la pili likichelewa, huyo ana njia yake ya kutokea mahali pengine, na ugonjwa unaijua njia hiyo kuliko wewe.

Kasiani alistaafu, mimi nikabaki na swali lake. Nililibeba miaka mingi, na sitaficha kwamba mara nyingi nililitangaza kama langu.

Kisha mradi ukaja. Wakaleta Dokta Neema, daktari wa mifugo aliyesomea hesabu za magonjwa, binti mwembamba mwenye kofia kubwa. Alitandika ramani ukutani. Kwenye ramani yake kila boma lilikuwa nukta, na ugonjwa ulitoka nukta hadi nukta kwa kufuata umbali, kama vile ng'ombe wanamwagika kama uji. Nikamwambia, "Dokta, ruhusu mtu wa darasa la saba akuharibie kazi." Nikamwaga vizibo vya soda juu ya mkeka, kila kizibo boma. Nikaunganisha kwa uzi wa kushonea magunia, kila uzi njia ya ng'ombe ninayoijua: mnada, malisho, mahari, kuwekesha. Kizibo cha Michenga kikawa na uzi hadi Mlimba kwa kuruka Chita nzima. Wenzangu walicheka. Yeye alichuchumaa, akatazama muda mrefu, akasema:

"Mzee Boni, hivi vizibo visiguswe na mtu."

Akaviingiza kwenye kompyuta. Kuanzia hapo modeli yetu ikawa inasema kweli, na mratibu wa mradi akawa anasafiri kwenda kuielezea. Mimi sikualikwa. Vizibo vilialikwa, alivipiga picha.

Sasa nafika kwenye kesi ngumu. Mzee anayeandika kesi zote alizoshinda tu ni mwongo, na mimi sidanganyi ila kwa umri.

Mradi ulikuwa na sheria: mtumishi asifuge ng'ombe ndani ya bonde tunalochunguza, au akifuga aandikishe, waingie kwenye ramani kama wa watu wengine. Niliisoma sheria hiyo mbele ya wenzangu kwa sauti kubwa, nikaisaini. Wakati huo nilikuwa na mtamba mmoja mwekundu, mwenye doa la maziwa begani, niliyemwekesha Mlimba kwa rafiki yangu. Nilijiambia mmoja si kufuga. Kufuga kunaanza na wawili.

Yule rafiki akataka kuhama. Nikamwendea Mzee Masanja, mfugaji wa Michenga, mtu mzima kuliko mimi, mrefu, anayesema maneno kumi kwa siku na tisa kati ya hayo anawaambia ng'ombe. Nilimwamini kuliko benki. Nikamwambia, "Mzee, nina mmoja." Akajibu, "Mlete." Mazungumzo yakaisha.

Kumsafirisha kulitaka kibali, na kibali kilitaka jina la mwenye mali. Nikampakia kwenye lori la mpunga linalotoka Mlimba, nyuma ya magunia ya pumba. Saa sita mchana tukafika kwenye kizuizi cha mifugo. Kizuizi hicho nilichagua mimi mahali pa kukiweka, kwa kutumia vizibo. Kijana wa zamu akanitambua kule mbele kwa dereva.

"Shikamoo mtaalamu! Mmebeba nini?"

"Marahaba. Pumba."

"Pita, mzee wetu."

Kwa bahati mbaya yule ng'ombe hakulia. Angelia tu mara moja, ningeaibika siku ile kwa mtu mmoja, yakaisha. Njiani alikohoa mara mbili. Mimi, mwanafunzi wa Kasiani, mtaalamu wa bonde zima, nikamwambia dereva: "Vumbi la pumba hilo."

Ilikuwa mwanzo wa kiangazi. Baada ya miezi kadhaa, mvua zikiwa zinanukia, ng'ombe wa Masanja wakaanza kusimama wamenyoosha shingo, viwiko vimetoka nje, wakikohoa kikohozi kifupi cha kuguna. Homa ya mapafu. Hata kipofu angeitambua. Wiki hiyohiyo taarifa ikatoka Mlimba: huko nako wamo. Katikati, Chita na kote, hakuna hata mmoja.

Modeli ikapigwa butwaa. Haikuwa na uzi wowote uliotembea msimu ule kati ya Mlimba na Masanja. Mratibu hakupigwa butwaa, yeye hajawahi. Akasema kikaoni, "Hawa watu wanahamahama. Huyu mzee amepeleka makundi yake Mlimba kimyakimya, akarudi. Kwa hiyo makundi yake yote ni ya hatari. Asitoe hata ng'ombe mmoja bondeni mpaka karantini iishe."

Mnajua maana yake. Karantini ile ilikuwa ya miezi. Masanja alikuwa na makundi matatu: la maziwa pale nyumbani kwenye kiinuko, na mengine mawili, la madume na la mitamba, chini kabisa mbugani. Kila mwaka maji yakianza kupanda huyatoa hayo mawili kwenda nchi ya juu. Akiyaacha, mbuga inageuka ziwa, na ng'ombe hana pa kusimama. Amri ile ilikuwa ya kuwazamisha ng'ombe wa mtu kwa kalamu.

Nilikaa kimya kikaoni. Nimeandika hivyo bila kupamba. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, nikajifanya natazama mawingu.

Dokta Neema ndiye aliyesema, "Ushahidi wa yeye kwenda Mlimba hatuna. Mimi nitakwenda kwake niulize ng'ombe kwa ng'ombe. Mzee Boni, lile swali lako la maziwa. Twende wote."

Nikasema, "Dokta, jua kali sana leo."

"Nina kofia."

"Na mimi?"

"Wewe si una kichwa kinachotunza mambo?"

Tukaenda. Masanja alitupokea uani, akaamkiwa, akaitika. Macho yake yalikuwa mbugani, kwenye ile michirizi ya maji iliyokuwa imeshaanza kung'aa kati ya majani. Neema akaanza na zizi la nyumbani. Aligusa kila ng'ombe mgongoni, akauliza kwa utaratibu uleule niliomfundisha mimi, mpaka ule mkato wa kupumua kati ya swali la kwanza na la pili.

"Mzee, maziwa ya huyu anakunywa nani?"

"Mimi na watoto."

"Na ndama wake ni wa nani?"

"Wangu."

Akaendelea hivyo mpaka akafika kwa mwekundu mwenye doa la maziwa begani. Alikuwa ameshazaa, ndama amesimama ubavuni. Mama mtu alikuwa amekonda kidogo, basi. Si mgonjwa wa kukutisha. Hao ndio wabaya: walishaugua wakapona nusu, ugonjwa umebaki ndani kama mpangaji asiyehama.

"Maziwa ya huyu anakunywa nani?"

"Mimi na watoto."

"Na ndama wake?"

Masanja akanyamaza. Neema akangoja, nilimfundisha kungoja pia, Mungu anisamehe. Ng'ombe akakohoa.

"Mzee Masanja," akasema Neema kwa upole, "usiponiambia huyu ametoka wapi, wale wa mbugani siwezi kuwatoa. Nitaandika kwamba makundi yote yalifika Mlimba, kwa sababu sina la kuandika. Maji haya yanakuja."

"Nayaona."

"Basi niambie ni wa nani."

"Dokta, ng'ombe huyu nimepewa kutunza. Kutunza ni pamoja na mdomo."

"Hata wako wakizama?"

"Wakizama ni wangu."

Hakunitazama. Hilo ndilo lililonimaliza. Angenitazama hata kidogo ningepata la kukasirikia. Yule mzee alikuwa tayari kupoteza makundi mawili kwa ajili ya ng'ombe mmoja wa mtu ambaye hakuthubutu hata kuandika jina lake kwenye kibali.

Nikasema, "Ni wangu."

Neema akageuka. "Yupi wako?"

"Ndama. Na mama yake. Nilimtoa Mlimba kwa lori la mpunga, mwanzo wa kiangazi. Amelala zizi hili tangu siku hiyo, mbugani hajakanyaga. Mzee huyu hajaenda Mlimba. Mlimba imekuja kwake, na imeletwa na mimi."

"Ukapitaje kwenye kizuizi?"

"Nilisema pumba."

Akavua kofia akajipepea. "Mzee Boni, kizuizi ulikiweka wewe!"

"Ndiyo maana nilijua kinavyopitika."

Masanja akaguna. Nikadhani amekasirika. Akasema, "Bwana Mifugo, umechelewa kusema. Mimi nimechoka kunyamaza."

Mengine yalikwenda haraka. Mwekundu alichinjwa siku ya pili. Nilimfungua kifua mwenyewe, sikutaka mwingine anifanyie hiyo heshima: pafu la kulia limegandamana na mbavu, ndani yake donge la zamani lililojifunga kama yai. Vumbi la pumba. Damu za makundi mawili ya mbugani zikapimwa, zikatoka safi. Wakachanjwa, wakaruhusiwa kupanda. Ng'ombe wa mwisho alitoka maji yakimfika magotini. Kundi la nyumbani lilifungiwa pale kwenye kiinuko, likilishwa mabua ya mpunga yaliyosombwa na pikipiki yangu kutoka mashamba ya wakulima, ambao walinicheka kila siku kwa zamu bila kuruka. Masanja alipoteza wanane wa kundi hilo. Wanane. Kila mmoja alikuwa na jina, na aliniita nimshikie kamba kila alipokufa mmoja. Hakunilaumu. Ningependa kuwaambia kwamba hilo lilikuwa rahisi kuliko lawama.

Mratibu alipotaka nifukuzwe, Neema alimwambia anitoe kazini baada ya kumpata mwingine atakayemtajia nyuzi zote za bonde. Hakumpata. Nikabaki, na onyo la maandishi lililobandikwa ubaoni mpaka likageuka rangi. Neema akaongeza safu mpya kwenye fomu yetu, nyie mnaijua, ile ya mwisho kabisa: ng'ombe wa watumishi, na waliwekeshwa kwa nani. Kizibo changu kikawekwa kwenye mkeka, uzi mwekundu hadi Mlimba. Modeli ilipopewa uzi huo ikaeleza mlipuko wote bila kubahatisha. Mtu mwenye shahada tatu hajawahi kuwa na uzi wake mwenyewe kwenye ramani. Mimi ninao.

Ndiyo kazi yangu yote hiyo. Josho, uzi wa kipimajoto, swali la Kasiani, na ng'ombe mmoja. Mengine mtayasoma kwenye ripoti, yameandikwa vizuri na watu ambao hawakuwepo.

Ila kabla sijafunga daftari, neno moja kuhusu ile safu ya mwisho. Siku ya kuniaga nilizipitia fomu zenu. Tangu iongezwe, imejazwa mara moja tu, kwa mwandiko wangu. Nyinyi wote mmeandika sifuri, kwa kalamu nzuri. Nikafurahi sana kufanya kazi na watakatifu.

Siku hizi nakaa Michenga, na jioni napita kwa Masanja kunywa maziwa. Ndama wangu yule alipona. Sasa ni dume, analima. Zizini naona sura ngeni. Kuna mweusi mwenye pembe moja. Kuna wawili wa kijivu walioshuka juzi kwenye lori lililofunikwa turubai. Mmoja wao ana hereni sikioni ya aina ile inayotolewa stoo ya ofisi yetu tu.

Nimemwuliza Masanja maziwa yao anakunywa nani. Ananimiminia kikombe, anasema, "Wewe na mimi." Nimemwuliza ndama watakuwa wa nani. Hapo anatazama mbugani.

Hatasema, mnamjua. Lakini mwaka huu michirizi imeanza kung'aa mapema, na mmoja wa wale wa kijivu, leo, amekohoa.